Sauti ya Merle Imeganda Kwenye King'amuzi

Mlionitumia pole baada ya gazeti la wiki iliyopita, Mungu awalipe. Na yule aliyeandika kwamba LaVonne amezidi kulialia, nimemsikia pia. Leo silii. Leo nawaeleza nilivyotendwa, na nilivyotenda.

Kwa aliyekosa: mimi ni mjane wa Merle, mnadi wa ng'ombe aliyejulikana Dakota Kusini nzima kwa ulimi wake mwepesi. Mwaka jana alikwenda kwenye mashindano ya wanadi, jimbo la mbali. Akashinda. Wakati anarudi gari likateleza kwenye barafu. Kombe lilifika nyumbani kabla ya maiti.

Hata matanga hayajaisha, mama yake, Ardis, akanitoa chumba changu cha ndoa, akanishusha kwenye ghala la chini ya nyumba nikalale na mitungi ya matango ya siki. Wifi yangu Twila akachukua gari langu, akidai ni la kaka yake. Huku kwetu bila gari huna kazi, jirani wa karibu yuko nyuma ya vilima. Nikaachishwa kazi ya kuuguza wazee. Ng'ombe wa maskini hazai.

Wiki iliyopita niliishia pale mama mkwe aliposimama juu ya ngazi na kuniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilidhani anakata roho. Nikapanda mbio, miguu mitupu.

Kumbe ni king'amuzi.

Msicheke. Siku ile ya mashindano chaneli ya wafugaji ilirusha mnada moja kwa moja. Theluji ilikuwa inamwagika, madishi ya wilaya nzima yakaziba, watu wakabaki kukodolea kioo cheusi. Dishi letu tu ndilo lililobaki wazi, kwa sababu Merle kabla ya kuondoka alilipaka mafuta ya kupikia, theluji ikawa inateleza na kuanguka. King'amuzi kikarekodi, na chaneli yenyewe haikuhifadhi nakala. Mimi sikuona chochote, nilikuwa zizini, ng'ombe wanazaa.

Kwa hiyo sauti ya Merle ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kisanduku kile cheusi.

Kila siku baada ya chakula cha mchana mama mkwe alijifungia sebuleni. Mimi nilisikiliza kupitia mlango, mikono kwenye povu la vyombo. Namsikia mume wangu ananadi, maneno yanamtoka kama mahindi yanayomwagwa kwenye debe. Watu wanapiga makofi. Kisha anasema, "Namshukuru mama yangu, aliyenifundisha kuhesabu ng'ombe kabla sijajua kusoma." Hapo mama anazima. Anatoka na kikombe chake, macho mekundu, rimoti mfukoni mwa aproni.

"Umesikia?" ananiuliza. "Hakukutaja."

Kila siku, jamani. Kila siku ya Mungu.

Sasa siku hiyo nilipopanda nikamkuta mbele ya televisheni, rimoti ameinyoosha kwa mikono miwili. Merle alikuwa ameganda kwenye kioo, nyundo juu, mdomo wazi. Mama alikuwa anabonyeza na kubonyeza. Twila alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, anakula biskuti.

Nilibadilisha betri za rimoti. Wapi. Nikabonyeza swichi ya kwenye king'amuzi chenyewe. Taa ya kijani inaniangalia tu. Nikavaa buti nikapanda ngazi mpaka kwenye dishi, nikalifagia kwa ufagio ingawa nilijua kilichorekodiwa hakihitaji dishi. Unapokaa kwa watu kwa huruma yao lazima uonekane unafanya kitu.

Twila akafungua dirisha. "Panda taratibu, wifi," akasema. "Ukianguka tutakuacha pale pale, ardhi imeganda, haichimbiki."

Nilipiga simu kwa kampuni. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole, akanielekeza nifungue kimlango cha mbele, nishikilie kitufe chekundu. Nikashikilia. Kikazima, kikawaka, picha ikaja, mama akaanza kucheka kwa furaha, kikaganda tena. Akaniambia nichomoe waya wa umeme ukutani, nisubiri, nichomeke. Hivyo hivyo. Kinaamka, kinaganda.

Akasema iko njia ya mwisho, kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Nikamwuliza vilivyomo itakuwaje. Akasema vitafutika vyote. Au fundi atakuja na kingine, hiki aondoke nacho, maana ni mali ya kampuni, na kilichorekodiwa ndani ya hiki hakichezi kwenye kingine chochote.

Twila akaninyang'anya simu kabla sijajibu. "Leteni kingine," akasema. "Kesho kama mnaweza."

Nilishangaa ile haraka. Twila hana haraka ya kitu chochote, hata sahani yake hajawahi kuisuuza.

Mama mkwe hakumgombeza. Alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye umekishika mara ya mwisho," akasema. "Ulikipangusa vumbi juzi, nimekuona. Sasa sikiliza. Mwanangu akiongea kabla huyo fundi hajaja, utakaa hapa mpaka majani yaote. Asipoongea, begi lako nalitupa kwenye theluji na wewe ulifuate."

Akaninyooshea mkono.

Hapo lazima niwaeleze kidogo. Huku kwa wafugaji mkono ni mkono. Watu wanauziana makundi ya ng'ombe bila karatasi, wanapeana mikono tu kando ya zizi, imekwisha. Mtu akivunja mkono wake hauziwi tena hata kuku. Na katika wilaya nzima mkono wa Ardis ndio uliosifiwa, hata mchungaji aliwahi kuusema madhabahuni: haujawahi kurudi nyuma.

Nikaupokea. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Asubuhi yake walikwenda kanisani kupika chakula cha msiba wa mzee mmoja. Mama akaitoa rimoti mfukoni, akaiweka mezani. Mara ya kwanza tangu Merle afe.

"Mama, usimwachie," Twila akasema, na sauti ilimtetemeka.

"Kimekufa," mama akajibu. "Ataona nini?"

Wakaenda. Nikabaki na king'amuzi, na hapo ndipo nilipokiangalia vizuri. Mama alikuwa amekigeuza kaburi. Juu yake kitambaa cha kufuma, kizito, kimeshuka pande zote mpaka chini. Juu ya kitambaa picha ya Merle kwenye fremu. Kando ya picha kombe. Mbele ya kombe mshumaa wa umeme usiozimwa usiku wala mchana. Na nyuma, jiko la kuni.

Nikaondoa kimoja kimoja, nikaingiza kiganja chini ya kitambaa. Nikakitoa haraka. Kilikuwa cha moto kama kikaango.

Nimeuguza wazee miaka mingi. Mgonjwa wa homa humfuniki blanketi, unamfungulia dirisha. Nikachomoa nyaya zote, nikakibeba kifuani mpaka meza ya jikoni, mbali na jiko. Nikavuta vumbi kwenye matundu yake kwa mashine ya zulia. Lilitoka bumba, manyoya ya mbwa aliyekufa kabla ya Merle. Kisha nikakiacha kipoe. Nikamenya viazi vya mchana, kila baada ya viazi kadhaa nakwenda kukigusa, kama mtoto mgonjwa.

Kilipopoa kabisa nikakirudisha, safari hii kwenye sakafu tupu, hakuna kitu juu wala pembeni. Nikachomeka. Taa ikawaka. Picha ikaja. Nikasubiri kigande.

Hakikuganda.

Kwa rimoti nikasogea mpaka kwenye jina la mnada. Kioo kikaniuliza nianze mwanzo au niendelee pale palipoachwa. Nikasema mwanzo nimeshausikia mlangoni mwaka mzima. Nikabonyeza endelea.

Merle akatokea, jasho usoni, kofia kisogoni. Makofi yalikuwa yanapungua. Palipoachwa palikuwa pale pale, baada ya mama kushukuriwa. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na mke wangu LaVonne hayupo hapa," akasema. "Yuko zizini anazalisha ng'ombe wangu, mkono umezama mpaka bega."

Watu wakacheka. Mimi nikakaa chini kwenye zulia.

"LaVonne, nilitaka nikuambie nikifika, lakini mdomo wangu unaujua. Siku naondoka mama alinipa mkono. Nyumba ya kaskazini na ardhi yake yote ni yako. Si yangu, yako. Mama kasema mwenyewe, kwa vile ulivyomwuguza alipovunjika nyonga. Na mkono wa mama yangu, mabwana, hakuna asiyeujua."

Akapiga nyundo mezani. "Imeuzwa!"

Nililia, ndiyo. Nimesema leo silii, siku ile nililia. Si kwa ajili ya nyumba. Nililia kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nalala na matango nikijiuliza nilimkosea nini mume wangu hata asinitaje.

Halafu machozi yakakauka, nikaanza kupiga hesabu ya mambo. Nyumba ya kaskazini ndiyo ile Twila aliyokuwa akichagulia mapazia. Twila aliachika vuli iliyopita, hana pa kwenda, mama kamwahidi ataingia majani yakiota. Ndiyo maana ya ile haraka ya fundi. Na mama, kila siku, alikuwa anazima palepale anapopajua, kisha anatoka kuniambia hakunitaja.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Na tena. Kamera sina, simu yangu ilikuwa ya kukunja, ya kupigia tu. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayekariri sala, ndiyo maana sikusikia gari.

Mlango ukafunguliwa. Merle alikuwa anasema namshukuru mama yangu. Mama mkwe akasimama na sufuria ya kanisani mkononi, na uso wake ukafunguka, nawaambia ukweli, ukafunguka kama wa msichana.

"Mwanangu," akasema.

Kisha Merle akaendelea. Na mimi nikamtazama mama usoni wakati uso unajifunga.

"Zima."

Sikuzima. Ikaenda mpaka nyundo, mpaka imeuzwa. Twila ndiye aliyekuja kunipokonya rimoti, kucha zikanichana mkono. Akasimamisha picha.

Nikamwuliza mama kama ni kweli alimpa Merle mkono. Hakukana. Aliweka sufuria mezani, akakunja kitambaa chake cha kichwa vizuri, akakaa.

"Nilimpa Merle," akasema. "Wewe sikukupa. Merle amekufa na mkono wake umekufa naye."

"Na hakukutaja, hakukutaja, ulikuwa unaniambia ya nini?"

"Ulikuwa na mwanangu kila usiku. Mimi nina hiki kisanduku. Nilitaka na wewe ukose kitu."

Alisema hivyo, bila hasira, kama mtu anayekuambia bei ya maziwa. Nami nikatafuta mahali pa kumchoma, nikapata.

"Unajua kilichokiua, mama?" nikamwuliza. "Ni kitambaa chako, na mshumaa wako. Kilikosa pumzi. Ni wewe uliyekuwa unamnyonga Merle, siku baada ya siku, na mimi ndiye niliyemtoa shuka puani."

Akakitazama kitambaa kwenye kochi. Alikifuma mwenyewe, wiki ya mazishi. Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi sana.

Fundi akabisha.

Aliitwa Gaylon, mtu mnene wa makamo, theluji kwenye masharubu, kisanduku kipya kwapani. Twila alimpokea kama shemeji. Akamwambia chomoa hicho, ni kibovu, kiondoke. Gaylon akasema hana ruhusa ya kuchukua kitu kabla hajakijaribu. Akainama, akabonyeza kitufe cha mbele. Merle akatingishika kwenye kioo, akatoa neno moja, Gaylon akasimamisha.

"Mbona hiki kizima?" akasema. "Nikikirudisha kizima nitaulizwa mimi. Nani kakitengeneza?"

Alikuwa anaufunga mkoba wake, na mimi nikaona mambo yananinyookea. Kisanduku kinabaki, sauti inabaki, na mama alinipa mkono jana kwamba sauti ikirudi nami nabaki. Nina mpaka majani yaote kumleta mtu yeyote aje asikilize.

Twila naye aliliona hilo. Akarudi nyuma mpaka upande wa pili wa meza ya chakula, rimoti mkononi. Kwenye kioo pakatokea maandishi meupe juu ya uso wa Merle: futa?

"Twila," mama akasema.

Akabonyeza. Maandishi yakabadilika. Una hakika? Kikifutwa hakirudi.

"Twila, hiyo ni sauti ya kaka yako."

"Kaka yangu amekufa, mama," Twila akasema. Alikuwa analia, na kidole kiko juu ya kitufe. "Mimi niko hai na sina nyumba. Umemsikiliza yeye mwaka mzima. Mimi umenisikiliza lini?"

Gaylon akasema pole pole, kama anayeongea na ng'ombe aliyeshtuka, kwamba kabla hajakubali bado inawezekana, mtu akichomoa umeme tu kitu hakifutiki. Alisema kwa wema wake. Alikuwa anafunga mkoba, hakujua anawaambia nani.

Waya wa umeme ulikuwa ukutani, na ukutani nilikuwa nimesimama mimi. Nikainama nikaushika. Nilikuwa nimeuchomoa na kuuchomeka tangu jana, vidole vyangu vilikuwa vinaujua.

Mama mkwe akanigeukia. Hakuweza kumfikia Twila, nyonga yake ile ile niliyoiuguza haimruhusu kukimbia kuizunguka meza. Alinitazama kama wale wazee wangu walivyokuwa wakinitazama usiku wanapobanwa na kifua.

"LaVonne," akasema. "Mwanangu. Chomoa."

Mwanangu! Miaka yote niliyokaa nyumba ile sikuwahi kuitwa hivyo.

Na mimi nilimpenda Merle. Sauti ile ni yangu pia, ndani yake kuna jina langu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mtu mwema angechomoa. Ningechomoa papo hapo, kisha majani yangeota, na mimi ningetupwa nje kwa sababu nyingine, na mama angeendelea kuketi pale kila mchana na kuzima anapopataka.

Waya nikaushika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nikamnyooshea mama mkwe.

"Nipe mkono kwanza, mama," nikasema. "Mimi, si Merle. Nyumba ya kaskazini. Fundi anaona."

Gaylon akaacha mkoba wake. Mama akaniangalia mkono, akamwangalia mwanawe kwenye kioo, mdomo wazi, amefunikwa na yale maandishi. Mkono wake wa kulia ukatoka mfukoni mwa aproni. Ukafika nusu ya njia, ukasimama hapo.

Na kidole cha Twila kilikuwa kinashuka.